BANDO NI JEMBE LA KAZI, NANI ALINUNUE?



Katika mkutano wa tawi uliopita nilianza kusema juu ya jambo hili, nikaambiwa na Mwenyekiti nikae chini kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha na mvua inakuja. Nilitii. Lakini neno lililokatwa katikati humkaa mtu kooni kama mwiba wa ngege, kwa hiyo nimemwomba Katibu nafasi katika karatasi hii nilimalize.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi tufanyao kazi katika maktaba tumepewa amri ya kujifunza kazi mpya, nayo ni kazi ya mitandao. Tumeambiwa tufungue ukurasa wa maktaba katika Facebook, tuunde kundi la wasomaji katika WhatsApp, tuingize orodha ya vitabu katika kompyuta ili msomaji aione akiwa kwake, na kila Ijumaa tupeleke ofisini hesabu ya "wafuasi" wetu, kana kwamba sisi ni manabii. Barua ilikuwa na kurasa mbili. Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali palipoandikwa nani atatufundisha, saa ngapi, kwa mashine ya nani, na bando litanunuliwa na nani. Sikupaona. Mstari wa mwisho ulisema kwamba atakayeshindwa ataandikiwa barua ya kujieleza.

Wenzetu wawili wameshaandikiwa. Mmoja kosa lake ni kwamba ukurasa wake ulikaa kimya siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja kompyuta ya maktaba ilikuwa imekufa, na simu yake mwenyewe haikuwa na kredo kwa sababu mshahara ulichelewa. Huyu ni mtu wa miaka kumi na tisa kazini, ambaye hajapoteza kitabu bila kukiandika. Sitaitaja maktaba ile wala ofisi iliyotoa barua. Sitaki ugomvi wa majina, nataka tugombane juu ya jambo.

Kabla sijawafikia wakubwa, nijibu sauti moja niliyoisikia mkutanoni kutoka viti vya nyuma. Ilisema: "Hiyo si kazi yetu. Kazi ya mkutubi ni kitabu. Tukatae." Ndugu huyo ni mtu wa mapambano na ninamheshimu, lakini hapa amekosea, na kosa lake litatugharimu sote tukimfuata.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Osiri, kule Nyatike, karibu na Macalder. Wazee wanaukumbuka mgodi wa Macalder, ulioanza katika miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Wenye mashine walikwenda zao. Dhahabu haikwenda. Mpaka leo vijana wanateremka mashimoni kwa kamba, mawe yanapandishwa kwa gunia na kusagwa, na akina mama wanauosha ule unga kwa maji na zebaki ndani ya karai. Halafu ile zebaki huchomwa juu ya makaa ili dhahabu ibaki, saa nyingine hatua chache tu kutoka penye sufuria ya chakula. Mvuke wake hauonekani vizuri wala haunuki, na ni sumu ya ubongo na ya figo. Dunia iliandika mkataba juu ya zebaki mwaka 2013, ule unaoitwa wa Minamata kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na sumu hiyo, na Kenya iliuthibitisha mwaka 2023. Nauliza: ni akina mama wangapi kule wenye karai mkononi waliopata kuusikia mkataba huo? Nani mwenye kazi ya kuwapelekea habari, kama si maktaba?

Nitawapa kisa kimoja. Mwaka jana, usiku, kijana mmoja wa mashimoni alinitumia ujumbe katika simu. Aliandika: "Japuonj, samahani kwa usiku. Kuna mtu hapa anasema ni wa kampuni, anataka wazee watie kidole kwenye karatasi kesho asubuhi. Anasema sheria imempa kila kitu kilicho chini ya ardhi. Ni kweli?"

Niliingia katika tovuti ya Kenya Law, ambako sheria zote za nchi zimewekwa bure, nikaifungua Sheria ya Madini ya 2016. Nikampelekea kifungu kinachosema kwamba haki ya kutafuta au kuchimba madini haitolewi juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya mwenye ardhi. Nikampelekea na kile cha mrabaha, kwamba fedha hizo hugawanywa mafungu matatu: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa watu wa mahali madini yanapotoka. Nikaandika maelezo mafupi kwa Kiswahili na kwa Dholuo, maana Kiingereza cha sheria ni kama kichaka cha miiba hata kwa aliyekwenda shule. Ilinichukua dakika arobaini hivi na bando langu lote la siku ile.

Asubuhi wazee hawakutia kidole. Walisema waachiwe karatasi wakaisome kwanza. Yule mtu akasema atarudi, na mpaka ninapoandika haya hajarudi.

Sasa wewe ndugu yangu wa viti vya nyuma, niambie: ile haikuwa kazi ya mkutubi? Kama kijana yule angetaka kuja maktabani, angelipa bodaboda, kisha matatu, kisha angerudi vivyo hivyo, angepoteza kibarua cha siku nzima, na angefika wakati vidole vimeshatiwa. Kitabu ni chombo cha kubebea habari, na simu ni chombo kingine. Tukisema "sisi ni wa kitabu tu", wakubwa watafurahi sana. Watasema basi maktaba haina haja na watu, watafunga mlango, chumba watakigawa ofisi. Isitoshe, kazi tutakayoiacha haitakaa bila mwenyewe. Itachukuliwa na yule wa saiba anayetoza shilingi mia kumfungulia mama mzee fomu asiyoielewa, au na mwenye kueneza uwongo katika makundi ya WhatsApp, ambaye hatozi kitu na ndiye ghali kuliko wote.

Kwa hiyo mimi nasema tujifunze. Tujifunze vizuri kuliko wao waliotuamuru.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana huko ndiko kwenye deni.

Wakubwa wanasema: "Mitandao ni ya bure. Kila mtu ana simu. Nyote mko Facebook usiku kucha mkiangalia mpira. Mnashindwaje kufungua ukurasa mmoja?" Maneno haya yanachekesha yakisemwa haraka. Yakisemwa polepole hayachekeshi. Mimi pia najua kupika ugali nyumbani kwangu, lakini ukiniajiri nikupikie hotelini utanipa unga na kuni. Hakuna mwenye hoteli anayemwambia mpishi aje na kuni zake kwa sababu "kila mtu ana jiko".

Tena si bure. Mwezi wa pili niliandika katika daftari kila shilingi niliyotumia kwa bando la kazi ya maktaba, si la mpira, na jumla ikawa 1,150. Ndani ya fedha hizo umo ushuru. Mwaka 2021 ushuru wa bidhaa juu ya simu na intaneti ulipandishwa ukawa asilimia 20. Mwaka 2023 ukashushwa mpaka 15, na kodi ya ongezeko la thamani nayo ina fungu lake. Yaani ninanunua jembe la kulimia shamba la umma, na umma unanitoza kodi ya jembe. Najua serikali kuu na kaunti si mfuko mmoja. Lakini mfuko unaotoa ni mmoja tu, nao ni wangu. Jirani zetu wa Uganda walionja makali zaidi: tangu Julai 2018 mtu alilipa shilingi 200 za kwao kwa siku kabla ya kufungua WhatsApp au Facebook, mpaka kodi ile ilipoondolewa mwaka 2021 na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando. Mkutubi wa Uganda aliyetaka kumjibu msomaji alilipa kwanza ndipo akafanya kazi.

Wakubwa wakumbuke jambo la Garissa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji juu ya migongo ya ngamia. Magazeti ya dunia yakaja kupiga picha, na kwa haki, maana lilikuwa jambo zuri. Sijapata kusikia kwamba mkutubi wa Garissa aliambiwa aje na ngamia wake kutoka nyumbani, amlishe kwa mshahara wake, na kila Ijumaa aandike ripoti ya hesabu ya wanaomfuata ngamia. Bando ndilo ngamia wetu. Anayetaka vitabu vifike anunue ngamia.

Halafu liko jambo la saa. Maktaba inafungwa saa kumi na moja jioni, lakini kundi la WhatsApp halifungwi. Msomaji anauliza saa nne za usiku, na akiona zile alama mbili zimegeuka buluu bila jibu, kesho analalamika kwa mkubwa kwamba mkutubi ana dharau. Mimi sitamlaumu msomaji. Kijana wa Osiri aliniuliza usiku kwa kuwa kidole kilitakiwa asubuhi. Ninamlaumu anayejua kwamba kazi imeingia usiku na anajifanya bado ni mchana. Ufaransa waliandika katika sheria yao, tangu Januari 2017, kwamba mfanyakazi ana haki ya kuiacha simu ya kazi saa za mapumziko, na makampuni makubwa yakalazimika kujadiliana juu yake na wafanyakazi. Sisi hatuna haja ya kungoja mpaka huko. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema mkataba ueleze kazi ya mtu, na jambo kama hilo likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba, na amjulishe kwa maandishi. ASHAURIANE. Sisi tulishauriwa na nani? Tuliletewa barua na dereva.

Niseme kidogo juu ya jambo ambalo wengi wenu hamjaliona bado, na ndilo linalonitia hofu kuliko fedha. Kurasa na makundi haya tumeyafungua kwa namba zetu wenyewe, kwa kuwa ofisi haikutoa laini. Maana yake nini? Namba yangu sasa iko kwa watu mia tatu nisiowajua. Binti mmoja mwenzetu anapigiwa simu na wanaume usiku, wakijifanya wanauliza kitabu. Na siku nitakapohamishwa, je, kundi litabaki au litakwenda nami? Nikiliacha, anayelipokea hana namba yangu ya siri. Nikienda nalo, nitaambiwa nimeiba mali ya umma. Kwa shilingi chache za laini moja ya ofisi, shida yote hii ingekwisha siku ya kwanza.

Na picha. Barua ilisema tuweke picha "za kupendeza" za watoto wakisoma. Mwenzetu mmoja, kwa moyo safi, aliweka picha ishirini za watoto wa darasa la tatu. Hakuna aliyemwambia kwamba nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, wala kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu! Niligonga mlango wake jioni ile ile tukaziondoa zote moja moja. Angeliijuaje? Hakufundishwa. Na kama shtaka lingekuja, mnadhani angesimama nani mbele, aliyeandika barua au aliyebonyeza kitufe?

Hapo ndipo neno "kujifunza" linapopata maana yake. Wakubwa wanadhani kujifunza mitandao ni kujua mahali pa kubonyeza. Kubonyeza hata mtoto wangu wa miaka sita anajua. Anachotakiwa mkutubi kujifunza ni kutafuta habari mpaka kwenye asili yake, kutofautisha tangazo la kweli na la tapeli, kuandika tangazo la mistari mitatu ambalo mtu wa shimoni atalielewa, kuomba idhini ya picha, kulinda siri ya msomaji anayeuliza juu ya ugonjwa wake, na kujua la kufanya mtu anapotukana ndani ya kundi. Ni ujuzi. Unahitaji mwalimu, muda na mazoezi, kama ulivyohitaji ule wa kupanga vitabu kwa namba.

Wala msidhani nasema haya kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Tangazo langu la kwanza niliandika lote kwa herufi kubwa, watu wakadhani nimekasirika. La pili nilisema maktaba itafungwa Jumatano, nilipokusudia Alhamisi, na Jumatano nikawa peke yangu na popo wa darini. Nilifundishwa kwa siri na kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya chuo, kwa kuwa nilikuwa naona haya. Haya hiyo, ndugu zangu wazee wa kazi, ndiyo mtego wetu mkubwa. Tunaficha tusichokijua, mkubwa anadhani tunajua, kisha anatuandikia barua. Na yule kijana wa mafunzo naye hakulipwa hata nauli. Katika maktaba mbili ninazozijua, kazi yote ya mitandao inafanywa na vijana kama hao, bila mshahara, na wakubwa wameanza kusema: "Mnaona? Vijana wanaweza. Wazee wapumzike." Yaani kijana anatumiwa bure ili mzee atolewe, na mzee akishatolewa kijana hataajiriwa, ataletwa kijana mwingine wa bure. Wazee msiwachukie vijana hawa. Waandikisheni.

Katika Marekani, katika mji wa Charlotte, maktaba ya umma iliwahi kufanya jambo hili kwa akili, na si juzi, ni mwaka 2006. Mama mmoja aliyeitwa Helene Blowers alipanga masomo madogo ishirini na matatu: leo fungua daftari lako katika intaneti, wiki ijayo jifunze kuweka picha, baadaye kutafuta, kuandika pamoja, kusikiliza matangazo. Watumishi wa ngazi zote waliyafuata kwa mwendo wao, wakiruhusiwa kuchezacheza na kukosea. Aliyemaliza alipewa na maktaba chombo kidogo cha kusikilizia muziki, kiwe chake. Na masomo yenyewe yaliachwa huru ili maktaba yoyote duniani iyanakili, nazo nyingi ziliyanakili. Sisi hatuombi zawadi ya muziki. Lakini angalieni tofauti ya moyo: kule aliyejifunza alipewa kitu, huku asiyefundishwa anapewa barua.

Na hata programu ya kuweka orodha ya vitabu haina haja ya mamilioni. Iko inayoitwa Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, neno ambalo kwa lugha ya Wamaori ni zawadi. Mtu huichukua bila kulipia leseni, na vyuo vikuu vya Kenya vinaitumia. Kinachotakiwa ni kompyuta inayowaka na mtu aliyefundishwa. Kwa hiyo wakituambia kwamba fedha za mafunzo hazipo kwa sababu programu ni ghali, tuwaulize ni programu gani hiyo.

Wengine watasema hii si kazi ya jasho, chama kisijisumbue nayo. Waende Nairobi wakawaulize vijana walioajiriwa kuchuja picha za mauaji na uchafu ili Facebook na mitandao mingine ionekane safi kwenye simu zetu. Walikaa vitini, chini ya feni, na wengi walitoka wagonjwa wa akili. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 miongoni mwao walikutana wakaamua kuunda chama chao. Ikiwa wanaofagia mtandao wameona kwamba hiyo ni kazi, yenye ujira na yenye madhara, kwa nini mkubwa wetu aendelee kuiita mchezo?

Tangu Katiba ya 2010 maktaba za mahali zimewekwa chini ya kaunti. Ukifungua Jedwali la Nne utaziona zimepangwa fungu moja na kamari, leseni za pombe na sinema, na nadhani wakubwa wengine wameishia kusoma hapo. Lakini maana yake kwetu ni kwamba sisi ni watumishi wa serikali za mitaa, na watumishi wa serikali za mitaa wa nchi hii wana historia. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, ng'ambo tu ya maji hapa Homa Bay, alianza kama mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi. Alisimulia mwenyewe jinsi mama wa Kizungu alivyoingia katika chumba cha kupimia maziwa, akamkuta amesimama pale, naye akauliza kama humo ndani kuna mtu. Yeye na Waafrika wenzake walilipwa chini sana ya Wazungu waliofanya kazi ile ile. Hakuacha kupima maziwa. Alisimamisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, akadai. Nakumbuka kisa kile kila ninapoisoma barua yetu ya kurasa mbili: humo ndani kuna ukurasa, kuna kundi, kuna wafuasi, kuna Ijumaa, na hakuna mtu.

Basi ninachotaka chama kikipeleke mezani ni hiki, na kiingie katika mkataba wa pamoja, kisiishie katika ahadi za mdomo. Mafunzo yafanywe saa za kazi, na mtu aliye mafunzoni ahesabiwe yuko kazini. Laini na simu ya kila maktaba iwe ya ofisi, na bando liwe katika bajeti pamoja na stima na maji. Kazi hii iandikwe katika maelezo ya kazi ya kila mmoja, na anayeambiwa ajibu usiku alipwe saa za ziada au apewe saa za kupumzika badala yake. Vijana wa mafunzo wasiachiwe ukurasa peke yao, na walipwe posho. Barua mbili zilizokwisha kuandikwa ziondolewe katika mafaili. Hili la mwisho mimi silipunguzi hata kidogo. Mengine yanaweza kujadiliwa kiasi chake.

Wapo watakaosema tugome mara moja. Haki ya kugoma imo katika Katiba, kifungu cha 41, na haiendi popote. Lakini tukizima kurasa leo, atakayeumia kwanza ni yule wa Osiri mwenye karatasi ya kutia kidole, na wakubwa hawataona hata kama zimezimwa mpaka Ijumaa. Tuanze na hesabu. Hesabu ndiyo wanayoiogopa.

Kwa hiyo kila mwenzetu wa maktaba asifute ujumbe wake wa M-Pesa wa kununua bando wa miezi mitatu iliyopita. Aunakili katika karatasi, siku na shilingi, aandike pembeni kazi aliyoifanya kwa bando hilo, aulete kwa Katibu wa tawi. Asiyeweza kutenga la kazi na la nyumbani aweke nusu, wala asiongeze hata shilingi moja, maana watatafuta hiyo moja. Mwenzetu wa siku kumi na moja anatakiwa kujieleza kwa maandishi kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Katibu ameahidi kukaa naye Jumamosi saa nne asubuhi waandike jibu pamoja, na kifungu cha 10 kitakuwa mezani. Anayeweza kuja na aje, na aje na karatasi yake.

Wenu katika chama,
MKUTUBI WA NYATIKE